Chaki ya Njano

Mara ya tano kompyuta ilipojizima na kujiwasha yenyewe, Rula hakupiga kelele. Alikaa akaitazama skrini inavyorudi kutoka gizani, bila haraka wala haya, kana kwamba yenyewe ndiyo yenye nyumba. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Ghorofa ya pili ya hosteli aliyokuwa akiichora, ngazi na vyoo na madirisha yake yote, ilikuwa imekwenda na maji, kwa sababu mara ya mwisho kuihifadhi ilikuwa kabla ya chai.

"Shenzi wewe," aliiambia, kwa sauti ya chini.

Kompyuta hiyo ilikuwa na siku moja tu tangu iunganishwe. Rula aliinunua kipande kipande kwa miaka miwili: leo kasha, miezi mitatu baadaye pawasaplai ya kugawa umeme, halafu prosesa, halafu vijiti viwili vya memori, na mwisho ule ubao mkubwa wa ndani unaobeba kila kitu, ambao mafundi wanauita mazabodi. Jumapili akaiunga kwa mkono wake mwenyewe juu ya meza ya chumba cha nyuma, akifuata kijitabu kilichoandikwa kwa herufi za kuumiza macho. Ikawaka. Kwa furaha akamwita baba yake aje kuona, mzee wa watu akasimama pale mlangoni akitikisa kichwa kwa fahari. Sasa leo hii, vitimbi.

Na usidhani ulikuwa mchezo wa mtu asiye na la kufanya. Mkandarasi mmoja, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, alikuwa amempa Rula kazi ya majaribio: michoro kamili ya hosteli ya ghorofa tatu, iwe mezani kwake Alhamisi saa sita mchana. Ikifika, Rula anapata meza katika ofisi yake na chumba cha kupanga karibu na hapo. Isipofika, yuko mchoraji mwingine anayesubiri simu. Mama yule alisema hivyo bila kutia chumvi, na Rula alimwamini. Isipofika, maana yake ni kurudi kwenye stuli.

Stuli yenyewe ilikuwa ya chuma, ndefu, nyuma ya kaunta ya gereji ya baba yao iliyokuwa mbele ya nyumba hiyohiyo. Rula aliikalia tangu ana miaka kumi na sita, akiandika risiti na kupiga mistari kwa rula kila ukurasa, mpaka jina lake halisi likasahaulika. Alipoacha kukaa pale, miezi miwili iliyopita, kaka yake hakuitoa stuli wala hakumruhusu mtu mwingine kuikalia. Kaka huyo ni fundi wa magurudumu ya malori, na madereva wote wa barabara ile wanamwita Chuma. Kila akikutana na mdogo wake koridoni, hata salamu hajatoa, anamwambia, "Kiti chako kipo." Mtu mwingine angesikia wema. Rula alisikia kufuli.

Hapa lazima nieleze habari ya mkono wa pili, vinginevyo hutaelewa kitu. Katika gereji ile hakuna gurudumu linalotoka getini likiwa limekazwa na mtu mmoja. Wa kwanza anakaza nati mpaka inakataa, anaipiga mstari wa chaki nyeupe. Kisha anakuja mwingine na spana ileile, anaanza upya tangu nati ya kwanza kama vile hamwamini kabisa mwenzake, naye akiridhika anapiga mstari wa chaki ya njano. Baba yao, ambaye kila mtu anamwita Mzee, ndiye aliyeiweka sheria hiyo na watoto wake akawalea nayo. Hata mfuniko wa dumu la mafuta ya kula, mmoja akiufunga, mwingine anapita anaukaza tena, na ukimuuliza atakwambia hajaugusa.

Miaka kumi na moja iliyopita gurudumu la nyuma la lori moja lilichomoka kwenye mteremko. Mzee alikuwa amepanda lori hilo kwenda kuchukua vipuri. Dereva alitoka mzima. Mzee alivunjika mguu mara tatu, na mguu ule haukunyooka tena. Pale wodini aliuliza swali moja tu: mikono ilikuwa ya nani? Chuma, kijana wa miaka ishirini wakati huo, akajibu kabla mwingine hajafungua mdomo. Mikono yote miwili ni yangu, baba, alisema, nilikuwa na haraka.

Uongo mtupu. Mkono wa pili ulikuwa wa Rula. Kaka yake alimwita, naye alikuwa juu ya stuli yake amenogewa na kuchora nyumba ya ghorofa nyuma ya kitabu cha risiti. Akashuka akinung'unika, akachukua chaki ya njano, akapiga mistari kumi juu ya nati kumi, akarudi kwenye nyumba yake. Spana hakuishika. Spana ilikuwa upande wa pili wa uwanja, mkononi mwa Chuma, kwenye lori jingine, na baadaye ndipo Chuma alipokumbuka hilo na kujua. Yeye mwenyewe alikuwa ameruka nati mbili. Mtu huruka nati, ndiyo maana akawekwa wa pili.

Rula alinyamaza siku ile wodini, akanyamaza na kesho yake, na baada ya mwezi hakukuwa tena na mlango wa kusemea. Mzee naye tangu hapo hakumruhusu Chuma kushika chaki ya njano. Kila gurudumu analokaza Chuma, Mzee ananyanyuka kwenye kiti chake, anavuka uwanja akichechemea na fimbo, mbele ya madereva, mbele ya wateja, anapitisha mkono wa pili yeye mwenyewe. Rula aliyaona hayo kutoka kwenye stuli kila siku iendayo kwa Mungu, na Chuma alikuwa akimtazama anavyoyaona. Hakuwahi kumsema. Laiti angemsema, wangegombana yakaisha. Ule ukimya ulimkaa Rula kooni mpaka ukageuka chuki, chuki hasa, ya kubamiza milango na kupakua chakula kwa kishindo. Kwa hiyo meza ya mkandarasi kwake ilikuwa njia ya kutoka mahali ambapo anaisikia fimbo ile kutwa nzima.

Sasa kompyuta inajizima.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa umeme, na nyuma ya umeme alisimama Chuma. Nyumba na gereji vilitumia laini moja, na kompresa ya upepo ikianza kuvuta, taa za ndani zinapepesa. Rula alikwenda uwanjani moto juu, akamwambia kaka yake azime kompresa. Chuma aliuliza mpaka lini. Mpaka nikwambie, alijibiwa. Chuma akatazama lori lililokuwa linasubiri upepo, akamtazama dereva wake aliyekuwa anatazama saa, akaizima. Hilo likamuudhi Rula kuliko kama angekataa. Ndani ya nusu saa, kompresa ikiwa kimya kabisa, kompyuta ilijizima mara mbili.

Ilibidi Rula arudi kusema kwamba kompresa inaweza kuwashwa.

"Umemaliza kunipangia?" aliuliza Chuma.

Rula alirudi ndani. Alihamisha plagi kutoka kwenye ekstensheni hadi ukutani, akafungua pawasaplai na kusukuma kila waya mpaka ukalia, akaondoa programu moja aliyokuwa na wasiwasi nayo. Jioni ilipoingia alikuwa amechora korido moja na nusu, na kila baada ya mistari kumi anahifadhi, kama mtu anayekula huku ameshika mlango.

Jumanne alifikiria joto. Alifungua ubavu wa kasha, akawasha programu inayoonyesha nyuzi za joto, akakaa kuitazama kama mgonjwa. Prosesa ilikuwa ya baridi ya kuridhisha, feni inazunguka vizuri, na kwa baridi hiyohiyo mashine ikajizima mbele ya macho yake. Basi akageukia memori. Alichomoa vijiti vyote viwili, akavisugua miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akavirudisha kimoja kimoja na kuvipima kwa programu ya kupima memori. Kijiti cha kwanza kwenye tundu la karibu na prosesa: salama, saa nzima. Kijiti hichohicho kwenye tundu la mbali: makosa mekundu skrini nzima, kisha giza. Akabadilisha. Kijiti cha pili kikafanya vilevile, tundu la karibu salama, tundu la mbali balaa.

Vijiti havikuwa na hatia, basi. Tundu ndilo lenye lawama, na tundu ni la mazabodi, na mazabodi aliuziwa. Alijaribu kufanya kazi na kijiti kimoja, lakini mchoro wa hosteli nzima haukukubali kufunguka kwa memori nusu, na hata hiyo nusu baada ya saa moja ilimtupa nje. Chakula cha mchana kilimkuta anatukana ukuta. Mke wa Chuma, wifi yake, alimwita mara mbili mezani, mara ya tatu akaacha. Jumanne ikaisha na ghorofa moja na paa lisiloeleweka.

Jumatano mapema aliibeba kompyuta nzima mikononi, kama mtoto mwenye homa, akaipeleka dukani alikonunua mazabodi. Muuzaji alikuwa mtu wa kuongea bila kuinua macho kwenye simu yake. Rula alimweleza kila kitu, kwa ukali, kwa mpangilio, vijiti na matundu na makosa mekundu, akamalizia kwamba alimuuzia kitu kibovu.

"Dada, ubao ulitoka hapa mzima," alisema muuzaji. Kisha akainua macho, akawasha tochi ya simu, akachungulia ndani ya kasha mahali feni ilipobanwa juu ya prosesa kwa skrubu zake nne. Akacheka kwa pua. "Hii feni nani kaifunga? Watu wa malori?"

Rula aliona uso unamwaka moto, maana kweli walikuwa watu wa malori.

Muuzaji hakuwa na adabu, lakini kazi yake alikuwa anaijua. Alimwonyesha jinsi ubao ulivyopinda kidogo kwenye zile pembe nne. Skrubu za hapa, alieleza, zinakazwa kwa vidole viwili, na zikigusa umeacha. Ukizibana kama nati za lori, ubao unapinda, prosesa inakaa upande, miguu yake midogo upande mmoja inaachia, na upande huo ndio unaokwenda kwenye memori. Leo inashika, kesho inaachia, mashine inajizima inavyojisikia. Alisema anaweza kulegeza mwenyewe akiwa nyumbani, na kama Mungu amemsaidia ubao haujavunjika. Pesa hawezi kurudishiwa, asijisumbue.

"Halafu hii imekazwa na watu wawili," aliongeza, akimulika kichwa cha skrubu. "Angalia. Hapa imepita bisibisi ndogo, safi. Juu yake imepita kubwa, imevunjika pembe, imekitafuna chuma. Aliyekuja wa pili ndiye aliyekumaliza."

Rula aliinama akaangalia. Alama ya bisibisi ndogo ilikuwa yake, na hakumwambia muuzaji kwamba naye alikaza mpaka ikakataa, akashika vizuri akakaza tena. Macho yake yalikuwa kwenye ile alama ya pili. Bisibisi yenye pembe iliyovunjika aliijua. Ilikuwa na mpini mwekundu uliozungushiwa gundi ya karatasi, na ilining'inia kwenye ubao wa vifaa wa Chuma tangu yeye ni msichana.

Njia nzima ya kurudi hakuhisi uzito wa kasha. Dawa ya kompyuta alikuwa ameshaijua, angeweza kwenda moja kwa moja chumbani akalegeza skrubu nne na kuanza kazi. Asingekuwa Rula. Aliingia getini, akalitua kasha juu ya kaunta karibu na ile stuli, akamfuata kaka yake pale alipokuwa amechutama kando ya lori. Dereva alikuwepo. Mzee alikuwepo, kwenye kiti chake kando ya rundo la matairi, fimbo mapajani.

Rula alimwambia Chuma yote. Kwamba aliingia chumbani kwake kama mwizi. Kwamba alikaza skrubu zake kwa makusudi, kwa bisibisi yake ile iliyovunjika, akadhani hatajulikana. Kwamba hajawahi kumpenda mtu anayetoka. Dereva alijitia hamnazo akaanza kukagua taa za lori lake.

"Kama unataka nirudi kwenye kiti chako, sema," alisema Rula. "Usiniharibie kazi kimyakimya. Ulimvunja baba mguu, hukutosheka. Sasa na mimi unanivunja mikono?"

Alipokuwa akiyasema alikuwa anajua. Huo ndio ukweli, na siwezi kumpamba. Neno lilitoka likiwa zima, na yeye anajua ni la nani, na hakulirudisha.

Chuma alisimama taratibu. Mkononi alikuwa na chaki nyeupe, na vidole vyake viliibana mpaka ikakatika. Alimtazama Rula, akatazama mahali alipoketi Mzee, hatua tano tu kutoka pale, akamrudia Rula.

"Mashine yako sijaigusa," alisema. Kisha akainama, akaingia chini ya lori.

"Ni mimi, mwanangu."

Ilikuwa sauti ya Mzee. Alikuwa ameegemea mbele kwenye kiti, na usoni alikuwa na tabasamu la mtu anayetatua ugomvi mdogo wa watoto. Alieleza bila wasiwasi wowote. Jumapili, Rula alipokwenda kuoga, yeye alibaki chumbani akiitazama ile mashine, akaona skrubu nne mpya na hakuna aliyezipitia. Akaona haya, mtoto wake amejenga kitu kikubwa namna ile halafu kinakosa mkono wa pili. Akaja uwanjani kwa mguu wake huo, akaazima bisibisi ya Chuma, akarudi akazipitia zote nne.

"Zilikuwa zimelegea kidogo," alisema. "Chaki sikuweka. Niliogopa kuichafua."

 Alichoweza Rula kutoa ni asante, baba, akachukua kasha lake akaingia ndani.

Kazi yenyewe ilimchukua robo saa. Alilegeza skrubu nne, akainua feni, akafuta ile dawa nyeupe ya kupitisha joto na kupaka nyingine. Akairudisha feni, akakaza kwa vidole viwili, kidogo pembe hii, kidogo pembe inayoikabili. Zilipogusa aliacha. Kuacha ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote. Mkono ulitaka kuendelea, ulimwasha kabisa, akaukalia. Aliwasha mashine, akapima memori, vijiti vyote viwili, matundu yote mawili. Saa nzima hakuna kosa hata moja. Akafungua hosteli, ikafunguka yote na ghorofa zake.

Alichora Jumatano ile mpaka jua likazama, akaamka Alhamisi kabla ya watu ili aendelee. Kompyuta haikupepesa hata jicho. Ungedhani angefurahi. Siku tatu alikuwa na kitu cha kupigana nacho, na sasa mashine imenyamaza, amebaki na masikio yake. Kupitia dirisha alisikia kila kitu cha uwanjani: nati ikikataa, Chuma akisema tayari, halafu ile fimbo kwenye sementi, tok, tok, tok, ikivuka kwenda kumhakiki mtu ambaye hakukosea peke yake.

Saa tano kasoro dakika kumi michoro ilikuwa tayari. Aliiweka kwenye flashi, akavaa blauzi nyeupe, akaitia flashi kwenye pochi. Kwa mkandarasi ni dakika ishirini na tano kwa miguu. Alitoka kupitia uwanjani, maana njia nyingine haikuwepo.

Lori la mchanga lilikuwa limeegeshwa katikati. Chuma alikuwa anamalizia chaki nyeupe kwenye la mwisho kati ya magurudumu mawili ya nyuma, jumla nati ishirini. Mzee alikuwa ananyanyuka. Rula alikuwa na nafasi ya kupita. Geti lilikuwa wazi, hakuna aliyemzuia, hata Chuma hakuinua macho, na safari hii hakumwambia habari ya kiti.

"Baba, kaa kwanza," alisema Rula.

Mzee hakukaa, lakini alisimama palepale, hakuvuka. Rula akalisema jambo lile kwa ufupi kwa sababu kwa urefu asingeliweza. Lile gurudumu la mteremkoni. Mkono wa pili ulikuwa wangu, baba. Nilipiga chaki, spana sikuishika. Kaka alinifichia.

 Aliyewaka kwa hasira hakuwa Mzee.

"Nani kakuomba?" alisema Chuma. Sauti yake ilikuwa ya chini na ilitetemeka, na Rula hakuwahi kumsikia akiongea hivyo. "Miaka kumi na moja ulikuwa humuhumu. Jana umenivua nguo mbele za watu, hukusema. Leo una kazi, una pa kulala, mguu mmoja uko nje ya geti, ndiyo unakumbuka kutua mzigo. Na unautua wapi? Hapa kwetu. Halafu unaondoka."

Yote yalikuwa kweli, na Rula hakuondoka. 

Mzee aliegemea fimbo. Alitazama mguu wake uliopinda, kama mtu aliyeletewa kitu kilichopotea na hakijui tena. Alipozungumza alimuuliza Chuma.

"Siku ile uliruka ngapi?"

"Mbili, baba."

Mzee akatikisa kichwa. Ishirini toa mbili, kumi toa mbili, alikuwa anapiga hesabu gani hakuna aliyejua. Alichukua spana kubwa iliyokuwa imeegemezwa kwenye tairi, akamnyooshea Rula.

"Pitisha."

"Baba, saa sita natakiwa..."

"Nimesikia. Pitisha."

Nikwambie mapema ili usikae roho juu: kazi aliipata. Alifika saa sita kasoro dakika nne, amekimbia, mikono myeusi mpaka viwikoni. Mkandarasi aliitazama blauzi, akaitazama michoro ukurasa kwa ukurasa, akamwonyesha meza karibu na dirisha. Kompyuta yake ile ipo juu ya meza hiyo mpaka sasa na haijajizima tena.

Lakini kwanza alipiga magoti kwenye sementi. Spana ilikuwa ndefu kama mkono wake na nzito kuliko alivyoikumbuka. Alianza nati ya kwanza, akaweka uzito wake wote, akahamia ya pili. Hakuna aliyemsaidia. Mzee alisimama juu yake na fimbo, Chuma akasimama upande wa pili amekunja mikono. Jasho lilimwingia machoni. Alipofika nati ya kumi na tano alianza kulia, si kwa sauti, na hakuacha kukaza. Na katika nati zote ishirini hakuna hata moja iliyosogea. Chuma alikuwa amezikaza zote, kama alivyozikaza zote kwa miaka kumi na moja, na kila siku mtu amekuja nyuma yake kuhakikisha.

Alipomaliza aliinuka, akapeleka mkono kwenye kopo la chaki.

Mkono wa Chuma ulikuwa umeshafika. Alilifunika kopo kwa kiganja.

"Chaki acha," alisema. "Chaki yako naijua."

Akatoa kipande cha njano, akakitia mfukoni mwa shati. Mzee aliona, na hakumkataza. Kisha Chuma akaichukua spana mikononi mwa mdogo wake, akachutama mbele ya gurudumu la kwanza. Rula alitoka getini akisikia nyuma yake spana ikianza upya, nati ya kwanza, halafu ya pili.